Kilo Kumi na Nne

Masaka, Kigali, Jumapili mchana

Editha mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na umesema utarudi jua likianza kupungua. Nimekaa kitandani kwako kwa sababu meza imejaa vitu vyako. Kesho alfajiri tutachukua pikipiki mbili, moja yako na moja ya begi kubwa na mimi, tushuke stendi ya Nyabugogo. Basi la Kampala litaondoka, nami nitakwenda kazini nikiwa nimechelewa. Pale stendi sitasema kitu. Unanijua. Ndiyo maana naandika sasa.

Mambo ya kutunza simu, kufua na kula kwa wakati mama yako ameshakueleza kutoka Ngara, tena mara tatu, nami sina cha kuongeza. Nina jambo moja tu. Katika lile daftari la kuseti gari ulilolifunga kwa kitenge na kulilaza katikati ya nguo zako, mna ukurasa wa uongo. Niliuandika mimi, kwa kujua. Watu wa karakana ya Kampala wamekuchukua baada ya kuona picha za daftari hilo, na sitaki ufike kwao nalo bila kujua umebeba nini.

Ukurasa wenyewe unaufahamu. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tunakula maharage, daftari liko kando ya sahani yako, kalamu mkononi, nami nimechoka sitaki hata kuongea.

"Baba, hapa gari limepungua."

"Limepungua nini?"

"Kilo kumi na nne. Ukijumlisha magurudumu manne kabla ya kazi unapata hii. Baada ya kazi unapata hii. Zimekwenda wapi?"

"Mafuta," nikasema.

"Mafuta yanapunguaje na gari limesimama?"

"Kula, chakula kinapoa."

Ukala. Hukuuliza tena. Lakini nilikuona umeweka alama ndogo ya kuuliza pembeni, kwa penseli, na kila nilipofungua daftari tangu siku ile niliikuta inanitazama. Miaka mitatu nimesubiri uulize mara ya pili. Umekua, umejifunza kuniheshimu, hukuuliza. Afadhali ungeniheshimu kidogo tu.

Basi sikiliza ilivyokuwa.

Nilipofika Kigali nilikuwa na darasa la saba na mwaka mmoja na nusu wa sekondari, basi. Niliajiriwa kuwa muyede, kama wanavyowaita hapa wale wanaobeba zege na matofali chini ya fundi. Tulijenga nyumba mtaa wa Rebero, kwa yule mtu ambaye wewe na mimi tumezoea kumwita Bosi. Alikuwa na gari la mashindano na alitaka gereji nyuma ya nyumba. Sakafu ya gereji ile niliimwaga mimi. Fundi aliniamini na mpira wa maji, ule mrija mwangavu unaojazwa maji ili ncha zake mbili zikuonyeshe kimo kimoja, na nikawa naupenda kwa sababu haukuwa na maneno. Bosi alitaka akiosha gari maji yasituame. Kwa hiyo tuliiinamisha sakafu kuelekea pembe ya ndani, mkono wa kulia ukiwa ndani unatazama mlango, penye tundu la kutolea maji. Kutoka mlangoni hadi pale inashuka vidole viwili. Kwa macho huoni kitu. Mimi nilijua, kwa kuwa vidole vyenyewe vilikuwa vyangu.

Ujenzi ulipokwisha Bosi alinibakiza nioshe magari. Baadaye nikawa nashika spana, nampa Ladislas.

Ladislas unamkumbuka, naamini. Yule fundi mrefu aliyekulia Bujumbura, mwenye rozari kwenye kioo cha pikipiki yake, aliyekufundisha kushika uzi bila kuutikisa. Wewe ulimwita Tonton, yaani mjomba. Alipima uelekeo wa magurudumu kwa uzi wa nailoni aliouzungusha gari zima kutoka nyuma hadi mbele, akafumba jicho moja, akagonga ulimi, akasema, "Hapa iko." Na ilikuwa hapo kweli.

Vitabu vilikuwa kwenye boksi juu ya kabati. Bosi aliviagiza na hakuvifungua. Siku moja nikiwa nafuta vumbi nilikuta mchoro wa gari limesimama juu ya mizani nne, kila gurudumu na namba yake. Sijui nikuelezeje. Miaka yote nilikuwa nimebeba uzito bila mtu kuniambia unakwenda wapi. Pale kwenye karatasi kulikuwa na mtu aliyeuhesabu uzito kama unavyohesabu watoto wako jioni, yupi yuko wapi. Niliomba ruhusa nikachukua kitabu kile nyumbani, nikanunua kamusi. Sura ya mizani ilinichukua miezi miwili. Nilikuwa natafuta neno, naliandika, nalisahau, nalitafuta tena.

Nikwambie kitu ambacho mtu hajaniambia mimi. Kujifunza kwa kitabu ni upweke wa namna yake. Ukikosea, kitabu kinakaa kimya vilevile kama ulipopatia. Hakuna anayekugusa bega. Ulipoanza kuvisoma na wewe, tukawa tunagombania kamusi hapa mezani, ndipo nilipogundua nilivyokuwa peke yangu kabla ya hapo. Na kesho jioni kamusi itakuwa yangu tena. Nimekufungia ile mpya, utaikuta chini ya viatu.

Ladislas alinicheka, lakini kwa wema.

"Weye muyede, unasoma mbio ya gari kwa kitabu? Kitabu iko na matairi?"

"Kina zaidi ya matairi."

"Gari haisome, sha. Gari inasikia." Kisha anageukia wengine: "Mumuache Bwana Enjenyeri. Kesho atatuletea cheti ya kusukuma toroli."

Walicheka wote. Enjenyeri ilinipendeza, hata kwa dhihaka. Lile neno muyede ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimevaa ovaroli, nilikuwa na kalamu mfukoni, na yeye ananirudisha kwenye zege mbele ya watu. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Lilianza kabla sijagusa gari.

Nikamwomba Bosi mizani. Mizani za magari hatukuwa nazo, zikanunuliwa nne za kupimia watu. Kila moja nikaipa ubao: ncha moja ya ubao juu ya mizani, ncha nyingine juu ya kipande cha bomba, gurudumu katikati, ili mizani ibebe nusu tu isivunjike. Hilo nililitoa kitabuni na lilifanya kazi. Kitabu hichohicho kilisema, kabla ya yote, hakikisha mahali unapopimia hapana mwinamo. Sentensi hiyo niliisoma. Niliitafsiri mwenyewe. Siku ya kupima niliangalia chini, nikaona zege laini, nikaendelea.

Mpira wa maji ulikuwa umetundikwa ukutani, hatua nne kutoka niliposimama. Editha, niliuona. Nilijua ile sakafu kuliko mtu yeyote duniani. Lakini kama ningeushusha, Ladislas angesema muyede amerudi, na siku ile nilitaka kuwa mtu wa vitabu mwanzo hadi mwisho. Nikauacha ukutani. Sikujiambia "nauacha". Nilitazama pembeni tu, kama unavyompita mtu mnayejuana ukiwa na wageni.

Gari tulikuwa tumeliingiza kinyumenyume, na gurudumu la nyuma kulia lilikuwa upande wa tundu, chini kuliko mengine, kwa hiyo mizani yake ikasoma kidogo. Nikaona gari limelemaa. Nikakaza springi ya pembe ile mizunguko mitatu, namba zikasogea zikapatana vizuri kabisa, nikaandika daftarini kwa mwandiko wangu bora. Baada ya hapo Ladislas akapitisha uzi wake magurudumu ya mbele. Gari lililokuwa zima nikalilemaza, tena kwa usahihi.

Asubuhi iliyofuata Bosi alikwenda kufanya mazoezi kwenye barabara ya vumbi upande wa Bugesera. Kona za kushoto gari lilimkubalia. Ilipofika kona kali ya kulia, gurudumu la mbele kulia halikuwa na uzito wa kutosha, akashika breki likaganda, gari likaenda moja kwa moja kwenye shamba la maharage. Alivunjika kifundo cha mkono. Kulikuwa na mama mmoja anapalilia. Lilisimama hatua tatu kutoka alipokuwa. Nimemfikiria mama huyo kuliko nilivyomfikiria Bosi. Sikuwahi kumwona, kila ninapomfikiria ninampa sura ya bibi yako.

Gari lililetwa kwa trela, limejaa udongo. Nikapewa kazi ya kulimwagia maji. Na maji, mwanangu, yakaondoka miguuni pangu, yakapita chini ya gari, yakakusanyika pembe ya ndani kulia na kuzama kwenye tundu, bila haraka, kama nilivyoyapangia mwenyewe miaka ile. Nilisimama na mpira wa kuoshea mkononi. Hakuna kitabu kilichonieleza kitu waziwazi namna ile.

Bosi alituma ujumbe kwamba Jumatatu atataka kuona daftari. Mbele ya gari palikuwa pamepinda pote, hakuna cha kupimika tena. Shahidi aliyebaki ni daftari. Wenzangu walipokwenda kula nilichana ukurasa wangu mzuri, nikaandika mwingine. Kwenye springi niliandika: hazikuguswa. Nikabuni uzito wa magurudumu, namba nne za kabla na nne za baada, zifanane fanane. Nilikuwa nasikiliza mlango. Sikuzijumlisha. Ungekuwa wewe ungejumlisha.

Jumatatu Bosi akasoma, mkono uko kwenye plasta.

"Kwa hiyo springi hazikuguswa. Kilichoguswa ni uelekeo wa mbele tu. Ladislas?"

"Bosi, miye uzi yangu haidanganye."

"Gari limekataa kona."

"Uzi haidanganye." Kisha akanigeukia, bila hasira, hilo ndilo lililoniua. "Sema weye, Enjenyeri. Springi uligeuza ama hukugeuza?"

Wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Kilichoandikwa ndicho kilichofanyika."

Ladislas alinitazama kidogo, kisha akacheka, kicheko kifupi. "Haya. Kitabu imeshinda." Akaviringisha uzi wake polepole, akautundika kwenye msumari, juu ya mpira wa maji, akatoka. Alifukuzwa, naam, lakini alitoka kabla hajafukuzwa.

Wewe ulikuwa umekuja kukaa nami Kigali mwaka huo huo. Uliniuliza Tonton yuko wapi, nikakwambia amekuwa mzembe kazini. Ulisikitika. Ukasema, "Alikuwa ananiambia nisiwe mzembe na uzi."

Watu wangependa niseme nilifanya hivyo kwa ajili yako, ili usome. Nimejaribu kujiambia hivyo na haikai. Sikukufikiria hata kidogo. Niliogopa kurudi kubeba zege. Niliogopa kwamba alichosema Ladislas kwa utani kilikuwa kweli, kwamba mimi ni muyede aliyeokota kitabu. Wala hakuna aliyenitishia. Bosi si mkali. Ningesema "Nimekosea, sakafu imeinama", huenda angenitukana siku moja, tukaweka vigae chini ya mizani kusawazisha, tukaendelea, sote wawili, mimi na Ladislas. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya basi.

Baadaye niliweka vigae. Unavikumbuka: viwili chini ya mizani ya nyuma kulia, kimoja chini ya ile ya mbele yake. Tukawa tunapima sawasawa, magari yakatulia, hata watu wa timu nyingine wakaanza kuleta yao, na jina Enjenyeri likabaki bila kicheko. Wewe uliniuliza kwa nini tunaweka vigae. Nikasema, "Kitabu kinasema." Hata hapo. Hata kitu nilichokijua kwa mikono yangu nilikiita cha kitabu, mbele ya mwanangu mwenyewe.

Sasa wewe umenipita. Hesabu za springi unazifanya kichwani, mimi bado natafuta kalamu. Kule Kampala utakuta vitabu vingi na kompyuta, na watu waliosoma vyuo. Utakuta pia mtu kama Ladislas, yupo kila gereji, anasema hovyo na anasikia vizuri. Na wewe mwenyewe utakwenda na mambo ambayo utaona haya kuyatoa: kwamba unajua zege, kwamba ulikulia chumba kimoja na aliyekuwa mbeba zege, kwamba uzi ulishika kabla ya mizani. Sijui nikushauri nini, maana nilishindwa. Nakuambia tu nilichokiacha ukutani na kilichofuata.

Jana ulipekua kila mahali ukitafuta uzi wa Ladislas, ule niliouleta nyumbani kutoka gereji, uende nao. Nikasema sijauona. Huo nao ni uongo, wa mwisho, naomba uwe wa mwisho. Uko mfukoni mwa koti langu. Sikukupa kwa sababu si wangu kukupa. Ladislas yuko Nyamata, anatengeneza baiskeli karibu na soko. Mara mbili nimefika mpaka pale, nimemwona kwa mbali ameinama juu ya gurudumu, amefumba jicho moja, nikapanda gari la kurudi. Jumapili ijayo nyumba itakuwa kimya na sitakuwa na sababu ya kubaki ndani. Nitampelekea uzi wake. Sijui atanipokeaje. Pengine atauchukua tu aendelee na kazi. Kisha nitakwenda Rebero kwa Bosi, na hilo nalo sijui litaishaje. Ovaroli nimeifua, akiidai nimrudishie.

Ukurasa wa kweli sikuutupa. Miaka yote hii ulikuwa ndani ya kamusi ya zamani, na wewe uliishika kamusi hiyo kila jioni. Nimeurudisha daftarini leo, nimeubandika kwa uji wa muhogo, mbele ya ule wa uongo. Ule wa uongo usiuchane. Acha ukae na alama yako ya penseli. Ukiulizwa na watu wa Kampala, waonyeshe kurasa zote mbili. Wakikuona mdogo kwa sababu yangu, nisamehe. Kama hutaweza kunisamehe mwaka huu, bado nitafurahi ukipiga simu.

Jumlisha namba za ukurasa wa kweli, Editha. Kabla na baada. Nimezijumlisha leo mara mbili. Hakuna kilo iliyopotea. Chini yake palikuwa na nafasi ya jina la aliyepima, ambayo siku ile niliiacha wazi kwa unyenyekevu wa bandia. Nimeijaza: Nimepima mimi, baba yako. Springi nyuma kulia, mizunguko mitatu. Uzi wa Ladislas ulikuwa sahihi. Sakafu sikupima.

Uji bado ni mbichi, kwa hiyo nimeweka tofali juu ya daftari likauke kabla hujafunga begi. Nakusikia getini, unacheka na mtoto wa mwenye nyumba. Barua hii nitaiingiza ndani ya kitenge nitakapolifunga tena daftari, utaikuta mkishavuka. Utaingia, utaona tofali mezani, utaniuliza la nini, nami sitajibu vizuri. Nitakuuliza kama umekula.

Baba